Dishi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Wiki hii tumwangalie Grote Reber, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1911. Hakuwa mhubiri, lakini kuna kitu anatufunza sisi tunaongoja majibu.

Reber alikuwa injinia wa redio. Alisoma kwamba Karl Jansky wa Bell Labs amenasa mawimbi ya redio kutoka kwa nyota, kwenye ule mkanda mweupe unaouona usiku ukiwa mashambani pasipo stima. Akaomba kazi huko ili aendeleze utafiti huo. Hakuipata. Uchumi ulikuwa umeanguka na nafasi hakuna.

Basi mwaka wa 1937, kwa pesa yake mwenyewe, akajenga dishi nyuma ya nyumba ya mamake mjini Wheaton, jimbo la Illinois. Lilikuwa la mbao na mabati, upana wake zaidi ya mita 9. Majirani walibaki wakishangaa.

Akaunda risiva ya megahezi 3,300, kwa sababu hesabu za wataalamu zilionyesha mawimbi yatakuwa na nguvu huko juu. Kimya. Akaunda nyingine ya megahezi 910. Kimya tena. Hebu piga hesabu, ndugu yangu: pesa imeenda, dishi limesimama watu wote wakiliona, na hakuna cha kuonyesha. Mfanyabiashara yeyote angekwambia funga, kubali hasara.

Reber aliliacha dishi lisimame, akabadilisha namna ya kusikiliza. Risiva ya tatu ilikuwa ya megahezi 160. Mchana alikuwa kazini Chicago. Usiku wa manane aliketi akiandika vipimo, kwa maana mchana cheche za injini za magari zilivuruga kila kitu. Mwaka wa 1939 mawimbi yakaonekana wazi. Mwaka wa 1944 akachapisha ramani ya anga ya redio. Kwa karibu miaka 10 alifanya kazi hiyo karibu peke yake duniani. Alifariki Tasmania mwaka wa 2002, na dishi lake limehifadhiwa Green Bank, West Virginia.

Sasa sikia: zile siku zote za kimya, mawimbi yalikuwa yanashuka juu ya nyumba ya mamake.

Mtumishi wa Eliya alitumwa kuangalia bahari mara saba, 1 Wafalme 18. Wengi wetu tumerudi nyumbani baada ya mara ya pili. Uliombea kazi, au kijana wako aliyemezwa na pombe, ukaona kimya, ukaacha kuja kesha. Mpendwa, usibomoe madhabahu yako. Pengine kuna mtu wa kusamehe kwanza. Pengine sala zako zimekuwa orodha ya mahitaji tu, hakuna nafasi ya Mungu kusema.

Wiki hii chagua usiku mmoja. Zima simu, fungua Neno, keti nusu saa bila kuomba kitu. Sikiliza tu. Mungu awabariki.