Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mwalimu Aliyetuandikia kwa Lugha Yetu

 

Katika mwezi huu wa Ramadhan tumezoea kusoma maisha ya Masahaba (R.A.), na ni jambo la kheri. Lakini leo hebu tubaki hapa hapa pwani. Yuko mtu ambaye jina lake umelisikia mara nyingi kwenye darsa, akitajwa kwa heshima kubwa, na pengine hujapata kuambiwa alifanya nini hasa. Wengi wenu mkisikia jina la Mazrui mnamkumbuka Profesa Ali Mazrui, yule msomi aliyefariki Marekani mwaka 2014 akaletwa kuzikwa Mombasa. Sawa kabisa. Basi huyu tunayemzungumzia leo ni babake.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ndio uliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, uliposhindwa na Sayyid Said. Kisha mwaka 1895, yeye akiwa mtoto wa miaka minne tu, Waingereza walitangaza himaya yao. Jamaa yao, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, akapigana nao karibu mwaka mzima mpaka akalazimika kukimbilia upande wa Wajerumani. Kwa hivyo fikiria mtoto huyu amekulia nyumba gani: nyumba yenye habari nyingi za enzi iliyopita, na mbele yake serikali ya wageni.

Tena alikuwa yatima. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mdogo mno kusoma kwake. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alipokuwa kijana akaenda Unguja, ambako wakati ule ndiko kulikokuwa na bahari ya ilimu, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeyt na Sheikh Abdallah Bakathir. Hawa wawili walikuwa vigogo, na wote wawili walifariki mwaka 1925. Usidhani basi Sheikh Al-Amin alikuwa mtu wa kujisomea vitabu viwili vitatu kisha akaanza kukosoa watu. Alikaa chini, akapiga goti mbele ya walimu, tena miaka.

Jambo jingine lililomfungua macho ni gazeti. Kutoka Cairo lilikuwa likitolewa jarida liitwalo Al-Manar, la Sheikh Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Lilikuwa likiuliza suala moja zito: mbona Waislamu wamerudi nyuma? Sheikh Al-Amin alilisoma jarida hili akiwa Mombasa, akalitazama suala lile, halafu akautazama mji wake.

Aliona nini? Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ilikuwa imefika ziwani. Kazi zikaja, ofisi zikaja, na waliopata kazi za kalamu ni wale waliopita skuli. Lakini skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na mzazi wa Kiislamu aliogopa, wala hatuwezi kumlaumu. Nani anataka kumpeleka mwanawe asomeshwe dini ya watu? Serikali nayo ilipofungua skuli ya watoto wa Kiarabu hapa Mombasa mwaka 1912, bado wazazi wengi walikuwa na shaka. Wakati huo huo watu walikuwa wakiuza mashamba, na pesa zikiishia kwenye arusi za fahari na matanga ya kujionyesha.

Hapo ndipo Sheikh Al-Amin alipochukua njia ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Angeweza kubaki msikitini na wanafunzi wake, akasomesha vitabu vya Kiarabu kwa wachache wanaokijua, na bado angeitwa mwanachuoni mkubwa. Yeye mwaka 1930 akatoa karatasi ndogo iitwayo Sahifa. Ilikuwa kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Kwa nini hati za Kiarabu? Kwa sababu mtu yeyote aliyepita chuoni akasoma Qur'ani alizijua herufi zile, hata kama hajakanyaga skuli. Muuza duka, nahodha, fundi seremala, wote hao wakaweza kusoma maneno ya sheikh wao bila ya kungoja mtu wa kuwafasiria. Jambo kama hilo leo halitushangazi. Wakati ule lilikuwa jipya kabisa. Mwaka 1932 akaongeza jarida jingine, Al-Islah, la Kiarabu na Kiswahili.

Nawe ndugu yangu unayeshika kijarida hiki cha vijana mkononi, ujue kwamba vijarida kama hivi vina babu yao, na babu yao ni Sahifa.

Aliandika juu ya nini? Ukisoma makala yake, mengi utadhani yameandikwa wiki iliyopita. Aliwakemea watu wake bila ya kuwapaka mafuta. Aliwaambia wameacha kazi, wameacha kusaidiana, wamekalia kusifu mababu. Aliwaonya wale walioiga Wazungu katika mavazi, ulevi na ngoma, wakaacha kuiga yale yanayofaa: bidii, ilimu na kushirikiana. Hili lataka tulitazame vizuri, maana kuna watu humtaja kama alikuwa adui wa kila kilichotoka Ulaya, na wengine humtaja kama alikuwa mtu wa kisasa tu. Hakuwa hivi wala vile. Kwake yeye hesabu na jiografia hazikuwa mali ya Mzungu. Ni ilimu, na Muislamu ana haki nayo. Lakini mtoto anayejua hesabu na hajui kuswali, huyo naye amedhulumiwa na wazazi wake. Alitaka skuli zifundishe dini na Kiarabu, na alitaka watu wa dini wasiogope skuli. Vyote viwili kwa pamoja. Wazazi wa leo wanaobishana kama mtoto aende madrasa au twisheni siku ya Jumamosi, wajue ubishi huo si mgeni.

Na watoto wa kike je? Hapa ndipo alipowatia watu wengi joto. Alisema wazi kuwa msichana naye asomeshwe. Katika Mombasa ya miaka ya 1930, neno hilo halikuwa jepesi hata kidogo. Walikuwako waliosema mwanamke akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume, basi. Sheikh akawarudisha kwenye dini yenyewe: kutafuta ilimu ni faradhi kwa Waislamu wote, na mama ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto. Ukimwacha mama bila ilimu, umemwacha na mtoto pia. Dada yangu unayesoma haya ukijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, njia unayopita iliwahi kutetewa na sheikh mwenye kilemba, tena hapa hapa Mombasa.

Hakuishia kwenye kukemea. Alisomesha, na aliwaandikia watoto vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, kama Hidayatul Atfal, ili mtoto ajifunze nguzo za dini yake kwa lugha anayoota nayo. Mwaka 1944 baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Aliandika pia, kwa Kiarabu, tarehe ya ukoo wake wa Mazrui, na wanahistoria wanaitegemea mpaka leo.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokaa nacho mpaka kufa. Si wote waliokubaliana naye. Kuna ada za dini ambazo yeye aliziona hazina asili, na masheikh wengine, nao watu wazito wa ilimu, waliziona ni za kheri. Tafauti hizo mnazijua, na si kazi ya makala hii kuzifufua katika mwezi mtukufu. Linalotuhusu ni kwamba alikosoa kwa dalili na kwa kalamu.

Kuna kazi moja ambayo hakuwahi kuimaliza. Je, wajua kwamba tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili ilifanywa na padri? Ndiyo, padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, ikatoka mwaka 1923. Muislamu wa pwani asiyejua Kiarabu, akitaka kujua Mola wake amemwambia nini, kitabu kilichokuwako kwa lugha yake kilikuwa cha mtu asiyekiamini. Sheikh Al-Amin aliona hilo haliwezekani kuachwa hivyo, akaanza kufasiri mwenyewe, aya baada ya aya, pamoja na maelezo yake. Alikuwa bado katikati ya kazi hiyo alipofariki mwezi wa Aprili mwaka 1947, umri wake miaka 56.

Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Mzee alitaka mtoto huyu aende Al-Azhar awe sheikh kama yeye. Mungu akampangia njia nyingine, na dunia nzima ikamjua. Waliobeba kazi ya mzee upande wa dini walikuwa wanafunzi wake na walioathirika naye. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui alikuja kuwa Kadhi Mkuu na mwandishi kwa Kiswahili. Baada yake akafuata Sheikh Abdallah Saleh Farsy kutoka Unguja, ambaye mwaka 1969 ndiye aliyetutolea Qurani Takatifu, ile tafsiri ambayo pengine iko kwenye rafu ya babako sasa hivi.

Na ile ya Sheikh Al-Amin haikupotea. Sheikh Muhammad Kassim aliishughulikia, na mwaka 1980 sehemu ya Al-Fatiha na Al-Baqara ikachapishwa Nairobi, miaka 33 baada ya mwandishi wake kuingia kaburini. Haipatikani madukani kwa urahisi. Lakini katika nyumba za zamani za Mji wa Kale, na kwa walimu wengi wa madrasa, nakala zipo. Baada ya tarawehe muulize mwalimu wako. Akiwa nayo, mwombe muisome pamoja, hata kurasa mbili mbili, mpaka mwezi uishe.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wake wote. Amin.