Richard Roberts (1789–1864): Kiolezo, Geji na Mtambo wa Kusokota Uzi

1.0 Utangulizi

Historia ya kusokota uzi wa pamba kwa mitambo nchini Uingereza aghalabu husimuliwa kwa majina matatu: James Hargreaves, Richard Arkwright na Samuel Crompton. Richard Roberts hutajwa baada yao, na mara nyingi kwa ufupi, kama fundi aliyekamilisha kazi iliyoanzishwa na wengine. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia hoja moja, kwamba mchango wake mkubwa zaidi haukuwa mtambo wowote mmoja aliobuni, bali namna alivyotaka mitambo yenyewe itengenezwe. Roberts alisisitiza kwamba vipande vya aina moja vilingane kabisa, hata kimoja kiweze kukaa mahali pa kingine pasipo kupigwa tupa.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kiolezo ni bamba lenye umbo la kipande kinachotakiwa, nalo humwongoza fundi anapokata au kutoboa. Geji ni kifaa cha kuhakikishia kwamba kipande kilichokwisha kutengenezwa kimefikia kipimo chake. Kiolezo hutangulia kazi, ilhali geji huihukumu. Vipuri, kwa maana tuliyoizoea leo, haviwezekani pasipo viwili hivyo.

2.0 Utoto na Mafunzo

Roberts alizaliwa tarehe 22 Aprili 1789 katika kijiji cha Llanymynech, mpakani mwa Wales na Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyekuwa pia na kazi ya kutoza ushuru wa njia. Elimu ya shule aliyopata ilikuwa ndogo. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye mashua za mfereji, kisha kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya karibu na kwao. Uchoraji wa ramani za kiufundi alifundishwa na mpimaji wa barabara aliyeitwa Robert Bough.

Ujuzi huo ulimfungulia mlango wa viwanda vya chuma. Alianza katika kiwanda cha John Wilkinson huko Bradley, akitengeneza vigezo vya mbao vinavyotumiwa kufanyia kalibu za kumiminia chuma. Baadaye alisimamia kazi ya aina hiyo hiyo huko Tipton. Jina lake lilipotoka katika orodha ya walioitwa kuingia jeshi la mgambo, aliondoka akaenda Liverpool, Manchester, na hatimaye London, ambako alifanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa zaidi katika mafunzo yake. Maudslay alikuwa bingwa wa kukata skrubu na wa kutengeneza nyuso bapa za chuma kwa usahihi ambao ulikuwa haujazoeleka bado. Mafundi waliopita mikononi mwake walijifunza kutokiridhia kipande kwa sababu tu kinaonekana sawa machoni. Ilikuwa sharti kipimwe.

3.0 Karakana ya Manchester

Mwaka 1816 Roberts alirudi Manchester akafungua karakana yake mwenyewe. Mji huo ulikuwa umekwisha kuwa kitovu cha biashara ya pamba, na mahitaji ya mitambo yalikuwa makubwa kuliko idadi ya mafundi waliokuwa na uwezo wa kuitengeneza vizuri. Mwaka 1817 alitengeneza mashine ya kukereza na mashine ya kupigia randa chuma. Hiyo ya pili imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Mwili wake umechongwa kwa patasi na kusuguliwa kwa tupa, na alama za vifaa hivyo zimebaki juu yake. Kwa maneno mengine, mashine iliyokusudiwa kuondoa tofauti zinazoletwa na mkono ilibidi kwanza itengenezwe kwa mkono, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Roberts alitengeneza pia vifaa vya kukatia meno ya magurudumu, akaviuza kwa mafundi wenzake. Mwaka 1822 alitoa mtambo wa kufumia wa chuma ulioendeshwa kwa nguvu za mvuke. Kwa hiyo, alipoitwa kushughulikia usokotaji wa uzi alikuwa tayari ana zana za kutengenezea zana. Wengi wa waliomtangulia katika jaribio hilo hawakuwa nazo.

4.0 Mtambo wa Nyumbu na Mgomo wa 1824

Mtambo uliokuwa ukisokota uzi mwembamba na bora katika miaka hiyo ulikuwa ule wa Samuel Crompton wa mwaka 1779. Uliitwa nyumbu kwa sababu, kama mnyama huyo aliye chotara wa punda na farasi, ulizaliwa na mitambo miwili tofauti: ule wa Hargreaves na ule wa Arkwright. Tambi za pamba zilipita kati ya rola. Kisha kigari kilichobeba pia, yaani vijiti vinavyozunguka na kusokota, kilitoka taratibu kwa umbali wa kama mita 1.5, kikivuta na kusokota uzi kwa wakati mmoja. Kigari kilipofika mwisho, pia zilizungushwa kinyume kidogo ili kuufungua uzi uliojiviringisha nchani. Halafu kigari kilisukumwa kurudi huku uzi ukizungushwa kwenye pia na kufanya donge lenye umbo maalumu.

Safari ya kutoka ilikuwa imekwisha kuunganishwa na nguvu za maji au mvuke. Safari ya kurudi, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa msokotaji. Kwa mkono mmoja aliendesha gurudumu lililozungusha pia, na kwa mwingine akaongoza waya ulioelekeza uzi, huku akikisukuma kigari kwa mwili wake. Ilimbidi aihisi kasi ifaayo, kwani uzi ukivutwa mno hukatika na ukilegea hujikunja. Ujuzi huo haukupatikana kwa siku chache, na waliokuwa nao waliujua thamani yake. Walijiunga katika vyama, wakadai ujira mzuri, na walipokataliwa waligoma.

Mwaka 1824 ulitokea mgomo wa wasokotaji huko Hyde, karibu na Manchester. Wenye viwanda wa eneo hilo walimwendea Roberts wakamtaka abuni mtambo utakaojiendesha wenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, alikataa mwanzoni kwa kuwa hakuwa na ujuzi wa usokotaji, na wakamrudia zaidi ya mara moja kabla hajakubali. Mwaka 1825 alipata hataza ya kwanza ya mtambo huo. Chanzo cha kazi hiyo hakipaswi kufichwa. Mtambo uliagizwa ili kuvunja nguvu ya wafanyakazi waliokuwa wameweka kazi chini.

5.0 Robo ya Duara

Hataza ya 1825 haikulimaliza tatizo. Ugumu ulikuwa katika kuzungusha uzi kwenye pia, kwa sababu donge hubadilika unene tangu linapoanza hadi linapojaa, na kila mabadiliko hayo huhitaji idadi tofauti ya mizunguko. Roberts alilitatua jambo hilo kwa hataza ya 1830.

Alitumia mkono wa chuma unaosogea kama robo ya duara, wenye skrubu ndefu na nati juu yake. Mnyororo uliofungwa kwenye nati ulizungushiwa pipa dogo ndani ya kigari, na kigari kilipokuwa kikirudi mnyororo ulilizungusha pipa, nalo likazizungusha pia. Donge lilipokuwa jembamba, nati ilikaa karibu na mhimili wa mkono, na pia zikazunguka mara nyingi. Kadiri donge lilivyonenepa, nati ilisogezwa kuelekea nchani. Hapo mwisho wa mnyororo ulifuatana na kigari kwa umbali mrefu zaidi, na mizunguko ikapungua. Kile ambacho msokotaji alikihisi kwa mkono, sasa kilikuwa kimewekwa katika mahali pa nati juu ya skrubu.

Kufikia mwaka 1834 mitambo ya aina hiyo ilikuwa katika viwanda zaidi ya 60, ikiendesha kati ya pia 300,000 na 400,000.

6.0 Kiolezo na Geji

Takwimu hizo haziwezi kuelezwa kwa ubunifu wa robo ya duara peke yake. Katika mtambo wa zamani, mkono wa msokotaji ulikuwa ukisahihisha makosa ya mtengenezaji. Pia ikiyumba kidogo au gurudumu likiwa na jino pana kuliko mengine, msokotaji mzoefu aliufahamu mtambo wake na kuufuatisha. Mtambo unaojiendesha haumfahamu mtu wala haufuatishi kitu. Ukiondoa mkono kwenye usokotaji, usahihi wote uliokuwa ukitolewa na mkono huo hauna budi kuhamia kwenye utengenezaji. Mamia ya pia zilizopangwa katika kigari kimoja lazima zilingane, la sivyo nyuzi zitatofautiana na kukatika.

Desturi ya wakati huo ilikuwa kinyume cha hayo. Kila mtambo ulijengwa na mafundi waliolinganisha kipande na jirani yake kwa tupa mpaka vikubaliane. Matokeo yake, kipande kilichotolewa katika mtambo mmoja hakikukaa katika mwingine, hata kama yote miwili ilitoka katika karakana moja. Gurudumu lilipovunjika, fundi wa kiwanda alilazimika kuchonga jipya na kulijaribu mara nyingi huku mtambo umesimama.

Katika kampuni ya Sharp, Roberts, aliyoiendesha Manchester kwa ubia na familia ya Sharp, Roberts aliweka utaratibu wa violezo na geji kwa vipande vya mitambo ya kusokotea na kufumia. Wazo la vipande vinavyobadilishana halikuwa lake peke yake, kwani watengenezaji wa bunduki wa Ufaransa na Marekani walikuwa wamelishughulikia kabla yake. Lakini wao walitengeneza silaha kwa fedha za serikali. Roberts alilipeleka wazo hilo katika mtambo mkubwa wa biashara, wenye vipande vingi, uliopaswa kuuzwa kwa faida. Kampuni hiyo ilipoanza kutengeneza injini za reli katika miaka ya 1830, utaratibu huo uliingia huko pia. Hata nje ya nchi ulifika, kwani mwaka 1826 Roberts alikuwa amekwenda Mulhouse, Ufaransa, kusaidia kuanzisha karakana ya mitambo ya André Koechlin.

7.0 Faida na Hasara

Wasokotaji hawakuangamia kama wenye viwanda walivyotarajia. Mtambo uliendelea kuhitaji mtu wa kuurekebisha na kuwasimamia wasaidizi waliounganisha nyuzi zilizokatika. Wanaume waliokuwa wasokotaji wakashika nafasi hiyo, na vyama vyao vikadumu. Mwaka 1870 viliungana vikawa shirikisho lenye nguvu kubwa katika eneo la Lancashire. Mzigo mzito zaidi ulibaki kwa wasaidizi, wengi wao watoto, waliolipwa kidogo.

Mbunifu mwenyewe hakutajirika. Gharama za kuukamilisha mtambo zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1839 hataza ya 1825 iliongezewa miaka 7. Ubia na familia ya Sharp ulivunjika mwaka 1843. Roberts aliendelea kubuni, na miongoni mwa kazi zake ni mashine ya kutobolea mabamba ya chuma iliyotumika katika ujenzi wa madaraja ya reli ya Conwy na Menai huko Wales. Biashara, hata hivyo, ilimshinda. Alifariki London tarehe 11 Machi 1864 akiwa maskini, akitunzwa na binti yake. Crompton naye alikuwa amekufa katika hali ya namna hiyo mwaka 1827. Hivyo mtambo wa nyumbu uliwatajirisha wengi, isipokuwa aliyeuzaa na aliyeufanya ujiendeshe.

8.0 Hitimisho

Katika karne ya 20 mtambo wa nyumbu uliachwa polepole, nafasi yake ikachukuliwa na mtambo wa pete, ambao chimbuko lake ni Marekani katika miaka ya 1820. Katika mtambo huo, kila uzi hupitia kipete chepesi kinachokimbia juu ya pete ya chuma. Kipete hicho hulika upesi, na kimekusudiwa kutolewa na kuwekwa kingine. Robo ya duara ya Roberts haimo tena humo, lakini kanuni yake imo, kwani kipete kipya lazima kikae pale pale pa kile cha zamani bila kupigwa tupa.

Kanuni hiyo ina upande wa pili. Kipande kinacholingana na kingine humwachia mwenye mtambo uhuru wa kutomtegemea fundi mmoja, lakini humfunga kwa yule mwenye geji. Viwanda vya nguo vya Tanzania vililijua hilo katika miaka ya 1980, pale uhaba wa fedha za kigeni ulipozuia uagizaji wa vipuri na mitambo mizima ikasimama kwa kukosa vipande vidogo. Maisha ya Roberts yanaonyesha kwamba uwezo wa kutengeneza mtambo huanza na uwezo wa kutengeneza kipimo chake. Yanaonyesha pia kwamba anayebuni kipimo si lazima awe ndiye atakayevuna faida yake.