Katharine Hepburn

Katharine Houghton Hepburn (Hartford, Connecticut, 12 Mei 1907 – Old Saybrook, Connecticut, 29 Juni 2003) alikuwa mwigizaji wa filamu na tamthilia kutoka Marekani. Alipata tuzo 4 za Oscar za mwigizaji bora wa kike. Anajulikana hasa kwa filamu zinazochanganya mapenzi na vichekesho. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jina lake linahusiana pia na filamu The African Queen (1951), ambayo hadithi yake inatokea katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura na uzazi wa mpango. Watoto walizoeshwa tangu wadogo kutoa maoni yao mbele ya watu wazima. Mwaka 1921 kaka yake Tom alifariki dunia, na Katharine ndiye aliyemkuta. Kwa miaka mingi baadaye aliitaja tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake kuwa ndiyo yake.

Alihitimu chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, na mwaka huohuo akaolewa na Ludlow Ogden Smith. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1934.

Kupanda, kushuka na kurudi

Filamu yake ya kwanza ilikuwa A Bill of Divorcement (1932). Mwaka uliofuata aliigiza katika Morning Glory, iliyompatia Oscar ya kwanza. Hata hivyo, filamu zake kadhaa zilizofuata hazikupata watazamaji wa kutosha. Bringing Up Baby (1938), aliyoigiza na Cary Grant, leo inahesabiwa kati ya vichekesho bora vya Hollywood, lakini wakati ilipotoka haikufanya vizuri. Mwaka huohuo wamiliki wa kumbi za sinema walimtaja miongoni mwa waigizaji ambao filamu zao hazileti wateja.

Hepburn alirudi kwenye jukwaa la tamthilia. Mwaka 1939 aliigiza The Philadelphia Story, iliyoandikwa na Philip Barry, na ikapendwa sana. Kwa kuwa alikuwa ameshika haki za kuifanya filamu, aliziuza kwa kampuni ya MGM kwa sharti kwamba nafasi ya mhusika mkuu iwe yake. Filamu ilitoka mwaka 1940, naye akarudishiwa heshima yake.

Ubora na upungufu wa vichekesho vyake

The Philadelphia Story inasimulia habari za mwanamke tajiri anayejiandaa kuolewa mara ya pili, huku mume wake wa kwanza na mwandishi wa habari wakifika nyumbani kwao. Ubora wake uko katika majibizano ya haraka na katika mwanamke asiyezidiwa akili na mwanamume yeyote. Upungufu wake ni kwamba wanaume wanapokezana kumlaumu kwa kuwa na kiburi. Hata baba yake, aliyetoka nje ya ndoa, anamtwisha binti sehemu ya lawama. Tena mwanzoni mume wake wa kwanza anamsukuma usoni hadi anaanguka, na jambo hilo linaoneshwa kama mzaha.

Kasoro ya namna hiyo inaonekana katika Woman of the Year (1942), filamu ya kwanza kati ya 9 alizoigiza na Spencer Tracy. Mwandishi wa habari hodari anamalizia hadithi jikoni, akichekwa kwa kushindwa kuandaa kifungua kinywa. Adam's Rib (1949) ina usawa zaidi: mume na mke, wote wanasheria, wanapambana mahakamani katika kesi moja.

The African Queen na Tanganyika

Filamu hii iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Hepburn ni Rose, ndugu wa mmisionari. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa mashua chakavu. Mwaka 1914 wanateremka mto Ulanga ili kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani, na njiani wanapendana. Sehemu kubwa ya picha za nje zilipigwa Kongo na Uganda, ambako Hepburn aliugua tumbo la kuhara. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo.

Nguvu ya filamu ni kuonesha mapenzi ya watu wa makamo wasio na sura za kifahari, ambao kila mmoja anambadilisha mwenzake. Udhaifu wake mkubwa ni namna inavyowatazama Waafrika. Mwanzoni uimbaji wao kanisani unafanywa kichekesho. Kisha kijiji chao kinachomwa moto, na hadithi haiulizi tena walikopelekwa.

Jiografia na historia navyo vimebadilishwa. Mto Ulanga, uitwao pia Kilombero, haufiki ziwani: maji yake yanaingia Rufiji na kufika Bahari ya Hindi katika Mkoa wa Pwani. Meli ya filamu inafanana na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, lakini hiyo haikulipuliwa na Waingereza. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe. Baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mtazamaji anayeifurahia filamu hii hana budi kuitofautisha na historia ya Tanganyika.

Miaka ya mwisho

Hepburn alipata Oscar nyingine kwa Guess Who's Coming to Dinner (1967), The Lion in Winter (1968) na On Golden Pond (1981). Hakuolewa tena, ingawa alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Tracy, aliyefariki mwaka 1967. Mwaka 1987 alichapisha kitabu kuhusu utengenezaji wa The African Queen, na mwaka 1991 kitabu cha maisha yake, ambamo alitaja tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Alifariki akiwa na umri wa miaka 96, akazikwa Hartford.