Bessie Coleman: toka shamba la pamba mpaka kwenye ndege

Bessie Coleman alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892. Akingali mtoto alivuna pamba. Nyuma akafua nguo za watu. Mwaka 1915 akaenda Chicago, akatengeneza kucha za wateja kwa kinyozi. Alitaka kuwa piloti, lakini masomo ya ndege ya kwao yalimkataa: ni mwanamke, tena mweusi. Hakukaa kulia. Akaweka feza, akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mpaka Ufaransa. Tarehe 15 Juni 1921 akapata diploma, wa kwanza kati ya wanawake weusi wa Marekani. Alikufa mwaka 1926, alipoanguka toka ndege.

Basi, wewe unayeuza mikate upate minervali, usione haya. Na Kifaransa tunachokimbia darasani, yeye kilimfungulia mlango.