Lena Richard: mpishi wa New Orleans aliyefundisha mapishi kwenye televisheni mwaka 1949

Mwaka 1949, katika jiji la New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanamke Mweusi wa miaka 57 alisimama mbele ya kamera za televisheni na kuanza kufundisha watu kupika. Kipindi kilibeba jina lake. Kilirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, na hakikurekodiwa kwanza: alichopika ndicho watu walichokiona saa ile ile.

Jina lake ni Lena Richard. Wengi wetu huku hatujawahi kulisikia. Hata kwao Marekani alisahaulika kwa miaka mingi, ingawa alianza kupika kwenye televisheni miaka 14 kabla ya Julia Child, mpishi Mzungu ambaye Wamarekani wengi humtaja kama mwanzilishi wa vipindi vya mapishi. Ili upate picha ya nyakati hizo, msikilizaji, kumbuka kwamba redio ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mama Lena alikuwa ameshaingia kwenye televisheni, na ameshafariki, kabla redio yetu haijaanza.

Tumeandika habari zake kwa sababu hapa Kilosa na Mikumi wapo wengi wanaoishi kwa sufuria na jiko. Wapo mama lishe wa stesheni na wa sokoni, na wapo wale wa Mikumi wanaolisha abiria na madereva wa malori ya barabara kuu ya Mbeya na Zambia. Maisha ya Mama Lena yanagusa swali ambalo wao wanalijua vizuri: ujuzi wa kupika unapokuwa mkononi mwako, ni nani anayefaidika nao?

Mtoto wa jikoni kwa watu

Alizaliwa Septemba 1892 katika mji mdogo wa New Roads, jimbo la Louisiana. Jina lake la usichanani lilikuwa Lena Paul. Mwaka huo huo, mjini New Orleans, mtu mmoja aitwaye Homer Plessy alikamatwa kwa kukaa kwenye behewa la treni lililotengwa kwa ajili ya Wazungu. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama hiyo ikaamua kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni halali. Uamuzi huo ulitawala maisha yote ya Lena. Shule, treni, migahawa na hata makaburi vilitengwa.

Familia yake ilihamia New Orleans akiwa bado mdogo. Mama yake na shangazi yake walikuwa watumishi wa ndani kwa familia tajiri ya Kizungu, familia ya Vairin, kwenye mtaa wa Esplanade. Akiwa na miaka 14, Lena alianza kwenda huko kuwasaidia. Bibi mwenye nyumba, Alice Vairin, aliona kwamba binti huyu ana mkono wa kupika, akamtengea siku moja kwa wiki ya kujaribu mapishi anayotaka. Baadaye mpishi wa nyumba alipoondoka, Lena akashika jiko.

Bibi Vairin alimlipia masomo ya upishi pale mjini, na mwaka 1918 akampeleka Boston, kaskazini kabisa mwa Marekani, kwenye shule ya upishi iliyoanzishwa na Fannie Farmer, moja ya shule zenye jina kubwa nchini humo. Kozi ilikuwa ya wiki nane. Lena alijifunza mapishi ya kisasa ya wakati ule, lakini aligundua jambo jingine pia. Ilipofika zamu ya vyakula vya Kusini, wanafunzi wenzake ndio walioandika yeye anayosema. Kile alichokuwa akipika kila siku nyumbani kwa mwajiri, huku watu wa shule walikihesabu kuwa elimu.

Gumbo na bamia

Ili kuelewa kwa nini walimsikiliza, tuongee kidogo kuhusu chakula chenyewe. Mapishi ya New Orleans huitwa mapishi ya Krioli. Yamechanganya mikono ya Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa, Wafaransa, Wahispania na wenyeji wa asili wa Marekani. Chakula kinachojulikana zaidi ni gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali.

Kwa kawaida mpishi huanza kwa kukaanga unga wa ngano kwenye mafuta, moto mdogo, akikoroga bila kuacha hadi unga ubadilike rangi na kuwa wa kahawia. Hapo huweka vitunguu, pilipili hoho na seleri, kisha supu, na ndani yake kuku, kamba, kaa au soseji. Wengi huweka bamia, na ule utelezi wa bamia ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito. Mtu aliyezoea mlenda hatashangaa akionja gumbo.

Neno lenyewe lina asili ya Afrika. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na neno la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, kama Kimbundu, ambako bamia huitwa kingombo. Lugha hizo ni ndugu wa Kiswahili, Kikaguru na Kisagara. Watu walichukuliwa utumwani wakavuka bahari, na jina la bamia likavuka nao.

Kutoka mtumishi hadi mwenye jiko

Baada ya Boston, Lena alianza kupika kwa oda: harusi, sherehe za mabinti, karamu za matajiri. Alipika pia kwenye klabu ya wanawake wa Kizungu wa jiji hilo. Alikuwa ameolewa na Percival Richard, na walikuwa na binti mmoja, Marie.

Mwaka 1937 alifungua shule ya upishi kwa vijana Weusi, wa kike na wa kiume. Lengo lake lilikuwa la kazi na mshahara. Wapishi wengi Weusi walikuwa na ujuzi mkubwa lakini walilipwa kama vibarua, kwa sababu ilidhaniwa wamezaliwa wanajua na kwamba hawakusomea chochote. Alitaka wanafunzi wake waandae chakula cha watu wachache au cha karamu nzima bila kubahatisha, na wapate nguvu ya kudai malipo yanayolingana na kazi.

Wakati akifundisha, alianza kuandika. Hii haikuwa kazi nyepesi. Mpishi aliyejifunza kwa mama yake hupima kwa jicho na kuonja kwa ulimi, lakini kitabu kinataka vikombe, vijiko na dakika. Lena alitaja mapishi, bintiye Marie akayapiga kwa mashine ya taipu. Mwaka 1939 alichapisha kitabu hicho kwa fedha zake mwenyewe, kikiwa na mapishi zaidi ya 300. Mwaka uliofuata, kampuni kubwa ya uchapishaji ya Houghton Mifflin, ya Boston, mji ule ule aliosomea, ilikitoa upya kwa jina la New Orleans Cook Book.

Uzito wa jambo hilo uko hapa. Vitabu vya mapishi ya Krioli vilivyokuwa na jina kabla ya hapo, kama kile kilichotolewa na gazeti la Picayune mwaka 1900, havikubeba jina la mpishi Mweusi, ingawa waliosimama kwenye moto wengi wao walikuwa Weusi. Safari hii jina la mpishi mwenyewe lilikuwa kwenye jalada.

Milango ikafunguka

Kitabu kilimfikisha mbali. Mwaka 1940 alichukuliwa kuwa mpishi mkuu wa hoteli ya Bird and Bottle huko Garrison, jimbo la New York. Alirudi nyumbani mwaka 1941 akafungua mgahawa wake, Lena's Eatery. Mwaka 1943 aliitwa Virginia kuongoza jiko la Travis House, mgahawa uliokuwa katika mji wa kihistoria wa Williamsburg unaotembelewa na watalii. Ilikuwa katikati ya Vita Kuu ya Pili, na kati ya wageni waliokula hapo walikuwemo mke na binti wa Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza.

Angeweza kubaki huko akipikia wakubwa. Vita vilipokwisha alirudi New Orleans na kuanza biashara ambayo wakati ule ilikuwa ngeni kwa wengi: vyakula vilivyopikwa na kugandishwa. Alishirikiana na kampuni ya hapo mjini, wakapakia gumbo, supu na michuzi mingine, vikasafirishwa hata kwa ndege kwenda miji ya mbali. Mtu wa mbali aliweza kula gumbo ya Lena bila kukanyaga Louisiana.

Mwaka 1949 akafungua mgahawa mwingine, Gumbo House. Hapa alifanya jambo la hatari kimyakimya. Sheria na desturi za Kusini zilitaka Weusi na Wazungu wale mbalimbali. Kwa Mama Lena walikaa wote, wakala pamoja. Sheria ya nchi nzima iliyopiga marufuku kubagua wateja wa migahawa ilikuja mwaka 1964, miaka 15 baadaye.

Mbele ya kamera

Kituo cha televisheni cha WDSU, cha kwanza katika jimbo la Louisiana, kilianza Desemba 1948. Hakikuwa na hata mwaka mmoja kilipompa Lena kipindi. Alisimama jikoni studioni na msaidizi wake, Marie Matthews, naye mwanamke Mweusi, wakapika mapishi ya kwenye kitabu.

Fikiria hali ilivyokuwa. Televisheni zilikuwa ghali, na nyumba nyingi zilizokuwa nazo zilikuwa za Wazungu wenye uwezo. Kwenye filamu na matangazo ya biashara ya siku hizo, mwanamke Mweusi wa jikoni alionyeshwa kama mtumishi wa kuchekesha. Hapa mama wa Kizungu alikaa sebuleni kwake na karatasi na kalamu, akimsikiliza mwanamke Mweusi akimwelekeza lini ashushe moto na lini aongeze chumvi. Aliyekuwa akipokea amri jikoni sasa alikuwa mwalimu.

Haikudumu. Tarehe 27 Novemba 1950, Lena Richard alifariki ghafla, akiwa na miaka 58. Familia yake iliendelea na Gumbo House hadi mwaka 1958.

Kilichobaki

Leo hakuna anayeweza kukitazama kipindi chake. Hakuna hata kimoja kinachojulikana kubaki. Siku hizo vituo vilirusha moja kwa moja, na mashine za kurekodi picha kwenye mkanda zilianza kutumika vituoni mwaka 1956, miaka sita baada ya kifo chake. Mamia ya dakika za mapishi na maelezo yake ziliishia hewani. Sisi wa redio tunalijua hilo vizuri. Kisichohifadhiwa hakisikiki tena.

Ndiyo maana jina la Julia Child, aliyeanza mwaka 1963 na ambaye vipindi vyake vimehifadhiwa, likakaa mbele, na la Mama Lena likazama. Lakini kitabu hakikuzama. Kilichapishwa tena miongo kadhaa baada ya kifo chake, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Tulane, New Orleans. Wanahistoria walipoanza kumtafuta, walimpata kupitia kurasa zile alizotaja yeye na kupigwa taipu na binti yake.

Turudi kwetu. Katika wilaya hii kuna watu wanaopika vitu ambavyo msafiri huvikumbuka hadi afike Mbeya: wali wa mchele wa hapa, samaki wa kuunga kwa nazi, mlenda wa karanga, mchuzi wa bamia na nyanya chungu. Wengi wao hawajawahi kuandika hata pishi moja. Anayefuata hujifunza kwa kusimama pembeni ya jiko, na bibi akifariki, pishi linaondoka naye.

Lena Richard hakuanza na mtaji mkubwa. Alianza kwa kuosha vyombo na kupika kwa watu. Alichofanya tofauti ni kuhesabu ujuzi wake kuwa mali: akaupima, akauandika, akautia jina lake, akawafundisha vijana waudai thamani yake. Daftari la shule na kalamu vinatosha kuanza. Na aliye na simu yenye kurekodi sauti, anaweza kumkalisha bibi chini leo jioni na kumuuliza: unga kiasi gani, moto kiasi gani, na unajuaje kwamba limeiva?