Salman Mfarisi na Miche Mia Tatu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari za Salman Mfarisi, Mungu amwie radhi. Tumezikhitari kwa kuwa ndani yake mna namna ya sadaka ambayo sisi watu wa mwambao tumeisahau.

Alizaliwa katika kijiji cha Jayy, upande wa Isfahan, nchi ya Uajemi. Baba yake alikuwa mkubwa wa kijiji, naye alimpenda mwanawe hata akamweka ndani kama mwari, na kazi yake ilikuwa kuulinda moto wa Majusi usizimike. Siku moja alitumwa shamba, akapita penye kanisa la Manasara, akawasikia wakisali. Akasimama pale hata jua likatua, na shamba asilifikie. Baba yake akamtia pingu. Naye akazivua, akatoroka na msafara mpaka Shamu.

Huko alimtumikia askofu mmoja aliyekuwa akiwahimiza watu kutoa sadaka, kisha akizificha kwa nafsi yake, maskini asipate hata chembe. Alipokufa, Salman aliwaonyesha watu mitungi saba iliyojaa dhahabu na fedha. Wakakataa kumzika. Msomaji asidhani kwamba mitungi ile ilikuwa Shamu peke yake.

Baada ya huyo aliwafuata wanazuoni wema, mmoja baada ya mmoja, Mosul, Nasibin, hata Ammuriya katika nchi ya Warumi, na huko akafanya kazi akapata ng'ombe na kondoo. Alipoelezwa kwamba zama za Nabii wa Uarabuni zimekaribia, aliwapa wanyama wake wote wafanya biashara wa kabila la Kalb ili wamchukue. Wakamkhini, wakamuuza utumwani Wadi al-Qura, kisha akanunuliwa na mtu wa Bani Quraydha akaletwa Yathrib. Alikuwa juu ya mtende wa bwana wake aliposikia kwamba Mtume (S.A.W.) amefika Quba, mwili ukamtetemeka hata alikaribia kuanguka. Hapo ulikuwa mwaka 622 kwa hesabu ya Masihi.

Akasilimu, lakini utumwa ulimzuia asiwepo Badr wala Uhud. Ndipo Mtume alipomwamrisha afanye mapatano na bwana wake ya kujikomboa. Bwana akataka mitende mia tatu iliyopandwa ikashika, na wakia arubaini za dhahabu. Mtumwa asiye na kitu atazitoa wapi?

Mtume akawaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na mitano, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri ya alicho nacho, hata ikatimia mia tatu. Salman akaamrishwa achimbe mashimo, na akimaliza asipande, bali aite. Wenziwe wakamsaidia kuchimba, kisha Mtume akaja akaipanda kwa mkono wake mtukufu, wala haukufa hata mche mmoja. Na dhahabu akapewa pande moja mfano wa yai la kuku, likatosha deni lote. Tazama basi: waliotoa miche hawakuwa matajiri, na aliyepewa hakukaa akangoja, alishika jembe. Sadaka ile haikumshibisha siku moja akarudi kuomba ya pili. Ilimtoa utumwani.

Mwaka wa 5 wa Hijra (627) alikuwa miongoni mwa waliochimba handaki la Madina, na kwa kauli iliyo mashuhuri yeye ndiye aliyetoa shauri lile.

Katika ukhalifa wa Omar alitawalishwa Madain, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Uajemi. Mshahara wake ulikuwa dirhamu elfu tano, naye akiutoa wote sadaka. Akila jasho lake: alinunua majani ya mtende kwa dirhamu moja, akayasuka, akauza kwa tatu. Moja ilirudi kununua majani mengine, moja ilikuwa ya watu wa nyumbani kwake, na ya tatu ni ya maskini. Kwetu sisi mwanamume akionekana anasuka ukili atachekwa barazani; na huyu alikuwa liwali. Mtaji wake haukuliwa, na kwa hivyo fungu la maskini halikukatika.

Alifariki Madain katika miaka ya 30 ya Hijra, na kaburi lake liko huko Iraki, karibu na Baghdad. Katika maradhi yake alilia, akikhofu kwamba amejiwekea zaidi ya masurufu ya msafiri, kinyume cha alivyousiwa na Mtume. Waliokuwapo wakatazama chumbani, wakaona bakuli, beseni na chombo cha kutawadhia.