Wasifu wa Socrates: Raia na Mkataba Usioandikwa

Socrates alizaliwa Athens, nchini Ugiriki, yapata mwaka 470 Kabla ya Kristo (K.K.). Baba yake, Sophroniscus, alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Alimwoa Xanthippe, wakajaliwa watoto watatu wa kiume. Hakuacha kitabu hata kimoja. Habari zake tunazipata hasa kwa wanafunzi wake, Plato na Xenophon.

Aliitumikia Athens kama askari katika vita vya Potidaea, Delium na Amphipolis. Wakati wa amani alishinda sokoni akiwauliza watu maswali kuhusu haki, ujasiri na wema, hadi waliojiona wajuzi wakaumbuka. Vijana walimpenda, lakini baadhi ya wakubwa walimchukia.

Mwaka 406 K.K. umma ulitaka majemadari walioshtakiwa kwa kutowaokoa mabaharia wahukumiwe wote kwa pamoja, kinyume cha sheria. Socrates, aliyekuwa miongoni mwa wajumbe walioongoza kikao, alikataa ingawa umati ulimzomea. Baadaye, watawala thelathini waliotwaa madaraka mwaka 404 K.K. walimwamuru yeye na wenzake wanne wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe. Wenzake walikwenda, yeye alirudi nyumbani kwake.

Mwaka 399 K.K., akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Baraza la wazee wa mahakama wapatao 500 lilimtia hatiani na kumhukumu kifo. Akiwa gerezani, rafiki yake Crito alimjia alfajiri akamweleza kuwa fedha za kumtorosha zipo tayari. Alimkumbusha pia kuwa wanawe wangebaki yatima.

Socrates alikataa kutoroka. Hoja yake ilikuwa kwamba chini ya sheria za Athens wazazi wake walioana, naye akazaliwa, akalelewa na kusomeshwa. Sheria hizo zilimruhusu raia asiyeridhika kuhama na mali yake, lakini yeye alibaki kwa miaka 70. Kwa kubaki huko, alikuwa amefunga mkataba bila kutamka neno. Raia, kwa maoni yake, ana njia mbili: kuishawishi nchi ibadili uamuzi wake au kuutii. Siku ilipowadia alikunywa sumu, akafariki mbele ya rafiki zake.

Je, Socrates alijipinga? Aliyekataa amri ya watawala ndiye aliyekataa kutoroka. Jibu ni kwamba alitofautisha kutenda dhuluma na kutendewa dhuluma. Kumkamata Leon kungekuwa kutenda dhuluma, na hakuna mkataba unaomlazimisha raia kufanya hivyo. Kutoroka, kwa maoni yake, kungekuwa kuvunja ahadi kwa sababu tu imemgeukia.

Hata hivyo, hoja yake ina upungufu. Mwaka 1748 mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, aliuliza ikiwa mkulima maskini, asiyejua lugha ya ugenini na anayeishi kwa ujira mdogo wa kila siku, kweli amechagua kubaki. Asiye na pa kwenda hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali. Kwa hiyo mkataba usioandikwa huwa na nguvu pale tu raia anapokuwa na nafasi ya kweli ya kusema, kusikilizwa na kuchagua.

Maswali ya marudio
1. Eleza matukio mawili yanayoonesha kuwa Socrates hakuwa mtiifu kwa kila amri.
2. Kwa nini Socrates aliamini kuwa amefunga mkataba na Athens?
3. Kwa kutumia hoja ya Hume, jadili ikiwa kuishi katika nchi kunatosha kumfunga raia kwa sheria zake.